Matetemeko ya Nchi: Hotuba kwa Watu wa Amani



Twawashukuru kwa kuacha kazi za shamba mkaja kutusikiliza. Leo twapenda kuwaeleza habari za matetemeko ya nchi. Twajua baadhi yenu mwauliza moyoni, Jambo hili latuhusu nini sisi tukaao juu ya milima?

Litazameni bonde la Lwengera, liligawalo Usambara ya mashariki na ya magharibi. Bonde lile si kazi ya mto peke yake. Miamba hii ya kale ilipasuka, upande mmoja ukainuka na mwingine ukashuka. Basi hata hapa twakaa juu ya kazi ya nguvu zitetemeshazo nchi, ijapokuwa kwetu zimetulia kuliko kwingine.

Wazee wengine wa pwani walisimulia kwamba dunia imechukuliwa juu ya pembe ya ng'ombe, naye akichoka huihamishia pembe ya pili. Hatuwacheki, waliona jambo la kweli wakalitafutia sababu. Wataalamu wasema kwamba Afrika ya Mashariki yavutika polepole kuachana na bara lililobaki, milimita chache tu kila mwaka. Mwamba huvumilia miaka mingi kama upinde uliovutwa, kisha huteleza ghafula. Hayo hutokea hasa katika Bonde la Ufa.

Tarehe 13 Desemba 1910, zama za Wadachi, nchi ya Rukwa na kusini ya Ziwa Tanganyika ilitikiswa kwa kipimo kikadiriwacho 7.4, na hilo ni moja katika matetemeko makubwa kabisa yaliyopata kupimwa Afrika. Jirani zetu wa Kenya walipata lao huko Subukia tarehe 6 Januari 1928, na ardhi ikapasuka. Mbulu ilitikisika mwaka 1964. Mwaka 1966 huko Toro, Uganda, walikufa watu zaidi ya 100. Tena tarehe 12 Agosti 2020 usiku, tetemeko la chini ya bahari liliwatoa watu wa Dar es Salaam majumbani mwao.

Lakini msidhani kwamba ukubwa wa kipimo ndio hesabu ya maafa. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri, Bukoba ilitikiswa kwa kipimo cha 5.9. Nguvu zake hazikufika hata sehemu moja katika 100 ya zile za Rukwa, walakini watu wasiopungua 17 walikufa, na zaidi ya 200 wakaumia. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Nchi itikisikapo, kinachoua mara nyingi ni ukuta.

Ndiyo sababu twasema na mafundi waliopo. Nyumba ya miti na udongo huyumba. Ya matofali yasiyoshikana vema hubomoka kwa mara moja. Pembe za kuta zifungamane, tofali juu ya kiungo cha tofali, na juu ya madirisha upite mkanda wa zege wenye nondo, uzunguke nyumba nzima bila kukatika. Twajua nondo ni ghali. Asiyeweza kuuzungusha mkanda na aijenge nyumba fupi, yenye paa jepesi, mbali na ukingo wa mteremko. Maana hapa kwetu, udongo ukisha kulowa mvua za masika, hata mtikiso mdogo waweza kuuporomosha.

Sasa twawakaribisha mwulize, na mafundi waanze.