Usipoziba Ufa: Maneno kwa Wanaoingia Kidato cha Tatu

(Hotuba hii ilitolewa na mwanachama wetu mmoja katika mkutano wa mwaka wa waliosoma shuleni hapa, mbele ya wanafunzi wa Kidato cha Pili waliokuwa wakijiandaa kwenda likizo. Tumeichapa kama ilivyosemwa.)



Mwenyekiti aliponiomba niseme maneno machache juu ya marudio ya hisabati, nilidhani amekosea mtu. Wamo humu ukumbini wahandisi, yumo mkaguzi wa hesabu, na yumo mwalimu wa hisabati aliyestaafu. Mimi ni tabibu tu. Tena niliosoma nao wanaweza kutoa ushahidi kwamba jina langu halikupata kusomwa miongoni mwa waliofanya vizuri katika somo hilo. Nikamweleza hivyo. Akanijibu, "Ndiyo maana nimekuchagua wewe." Basi nitasema ninayoyajua, nayo nimeyajua kwa gharama.

Nilimaliza Kidato cha Pili mwaka 1979. Ulikuwa mwaka wa kumalizika kwa vita vya Kagera, na vitu vingi vilikuwa adimu, sabuni na mafuta ya taa vikiwamo. Katika mtihani wa mwisho wa mwaka nilipata alama 41 za hisabati. Nikavuka. Kwenye ripoti yangu mwalimu aliandika kwa Kiingereza kwamba yanipasa kurudia desimali, sehemu na mabano kabla ya Januari. Baba yangu hakujua Kiingereza. Alishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaniuliza, "Mwalimu amesemaje?" Nikamjibu, "Amesema nimejitahidi." Baba akafurahi, akaikunja ripoti akaiweka pamoja na stakabadhi zake za kodi. Mimi nikasukuma sanduku langu la bati chini ya kitanda, na sikulifungua mpaka siku ya kurudi shule.

Kidato cha Tatu kilipoanza, mwalimu hakuwa na kosa. Alianza pale kitabu kilipoanzia. Lakini kila hatua aliyoiandika ubaoni ilikuwa imesimama juu ya jambo ambalo yeye aliamini ninalo, nami sikuwa nalo. Wenzangu walisumbuliwa na jambo jipya. Mimi nilisumbuliwa na jipya na la zamani kwa pamoja. Nikafanya wanavyofanya wengi: nikakariri. Nilikariri kanuni, nikakariri mifano, hata majibu ya mazoezi nikayakariri. Nikamaliza Kidato cha Nne mwaka 1981 kwa kubebwa na biolojia, nikachaguliwa kwenda kusomea uganga msaidizi. Nikajiambia, "Hisabati kwaheri."

Mwaka 1983, nikiwa bado mwanafunzi, nilipangiwa zamu katika wodi ya watoto. Akaletwa mtoto wa kilo 8, ana malaria. Siku hizo dawa ilikuwa klorokwini, ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Siku ya kwanza mtoto alipewa miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake. Hiyo niliiweza: 10 mara 8 ni miligramu 80. Dawa yenyewe ilikuwa ya maji, na katika kijiko kimoja cha mililita 5 mlikuwa na miligramu 50. Kwa hiyo ilinipasa kugawanya 80 kwa 50, nipate idadi ya vijiko, halafu nizidishe kwa 5 nipate mililita.

Nikagawanya pembeni mwa karatasi. Hamsini katika themanini inaingia mara moja, inabaki thelathini. Nikaongeza sifuri, ikawa mia tatu. Hamsini katika mia tatu inaingia mara sita. Nikaandika 1, nikaandika 6. Nukta sikuiweka. Kumi na sita mara tano ni themanini. Nikaandika kwenye kadi ya mtoto: mililita 80. Jibu la haki lilikuwa mililita 8.

Mama wa mtoto alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kikombe mkononi, akiningojea. Sista mmoja mtu mzima, aliyekuwa na zamu pamoja nami, aliichukua kadi, akaitazama, kisha akanitazama mimi. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwanangu, mililita themanini ni vijiko kumi na sita. Mtoto huyu wa kilo nane anywe vijiko kumi na sita?"

Vijana, klorokwini ikizidi husimamisha moyo. Sista yule hakuwa na kalamu wala karatasi, na elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo kuliko yangu. Alilokuwa nalo ni hesabu iliyoingia mwilini. Alijua jibu lafaa liwe kubwa kiasi gani kabla hajalitafuta. Tulisahihisha kadi, mtoto akapewa mililita nane, na baada ya siku chache akatoka mgongoni mwa mama yake. Mama yule alinishukuru. Sikuweza kumtazama usoni.

Jioni ile niliikumbuka ripoti yangu ya 1979. Mwalimu alikuwa ametaja desimali kwa jina.

Nilikuwa nimepanga chumba uswahilini, na mwenye nyumba alikuwa na mtoto wa kiume wa Darasa la Tano. Nikamwomba daftari lake la hisabati. Akanicheka kidogo, halafu akaona sitanii. Kwa wiki tano, kila baada ya chakula cha usiku, tulikaa pamoja kwenye mkeka, yeye akifanya kazi zake za shule nami nikifanya zilezile. Alikuwa na umri wa miaka 11, naye ndiye mwalimu aliyenifaa kuliko wote. Nilipokosea alisema, "Kaka, anza tena, umeruka." Mara nyingi alikuwa na haki.

Sasa niwaambie niliyojifunza katika wiki zile tano, maana ninyi mnazo karibu nyingi hivyo kabla ya Januari.

Kwanza, kurudia si kusoma tena. Ukifungua daftari lako na kupitisha macho juu ya mifano, kila kitu kitaonekana rahisi, kwa sababu jibu liko mbele yako. Macho yanatambua, mkono haujui. Funga daftari. Chukua karatasi za mitihani ya Kidato cha Kwanza na cha Pili, uzifanye peke yako bila kutazama popote. Kisha gawa maswali katika mafungu matatu: niliyopata na ninaweza kueleza kwa nini, niliyopata kwa bahati au kwa kukariri, na niliyokosa. Fungu la kwanza liache. Fungu la pili ndilo la hatari, maana ndilo lililonivusha mimi kwa alama 41.

Pili, kosa lifuateni mpaka linapotokea. Kijana anakosa mlinganyo wa kipeo cha pili, anadhani hajui milinganyo. Mtazameni anavyofanya. Anaambiwa arahisishe 5 − 2(x − 3), naye anaandika 5 − 2x − 6. Huyu anaijua aljebra. Asichokijua ni kwamba hasi mara hasi ni chanya, na jibu ni 11 − 2x. Mwenzake anaanza kwa kutoa 2 katika 5, anapata 3(x − 3). Huyu amesahau MAGAZIJUTO aliyoimbishwa shule ya msingi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kuzidisha hutangulia kutoa. Wote wawili wamekosa swali moja, lakini dawa zao ni mbili tofauti. Sisi matabibu hatutibu homa kwa kuwa ni homa. Tunauliza imetoka wapi.

Tena msione haya kushuka chini. Ikiwa kosa limetokea Darasa la Tano, rudini Darasa la Tano. Kuuliza si ujinga, na daftari la mdogo wako halina aibu yoyote ndani yake.

Tatu, kisieni kabla ya kukokotoa, na pimeni baada ya kukokotoa. Mtu anayejumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Angejiuliza swali moja tu, angejiokoa: 2/5 ni ndogo kuliko nusu, sasa imekuwaje nimeongeza kitu juu ya nusu nikapata pungufu ya nusu? Jibu ni 5/6. Na yule anayeandika kwamba (x + 3)² ni x² + 9, na aweke 1 mahali pa x. Upande mmoja atapata 16, upande wa pili 10. Atatambua mwenyewe kwamba kuna 6x iliyopotea njiani. Haya ndiyo yaliyofanywa na Sista yule, na hayahitaji kalamu.

Nne, semeni kwa lugha mnayoielewa. Wengi wenu mlijifunza hisabati kwa Kiswahili miaka saba, kisha mkaingia hapa ikawa ya Kiingereza. Wapo wanaojua jambo lakini hawajui jina lake jipya, nao wakajihesabu wajinga. Katika likizo chukueni daftari dogo, upande mmoja mwandike neno la Kiingereza, upande wa pili la Kiswahili, na chini yake mfano mmoja. Kila hatua mnayoifanya ielezeni kwa Kiswahili kwa sauti, hata kama anayesikiliza ni mbuzi. Hatua usiyoweza kuieleza hujaijua bado.

Tano, kidogo kila siku. Saa moja asubuhi kabla ya jua kali inatosha, maana najua mtalima, mtachunga, mtauza dukani, na hayo yote ni haki ya wazazi wenu. Fanyeni maswali kumi: sita ya jambo la leo, mawili ya juzi, mawili ya wiki iliyopita. Yale ya wiki iliyopita yatawaudhi kwa sababu mtakuwa mmeanza kuyasahau, na palepale mnapolazimika kuyakumbuka ndipo yanapokaa. Wiki ya mwisho, si kabla, fungueni sura ya kwanza ya kitabu cha Kidato cha Tatu.

Wapo watakaoniambia kwamba siku hizi simu inakokotoa kila kitu, hata hatua zake inazionyesha. Ni kweli, nami ninayo. Lakini simu hujibu ulichoiuliza. Ningeiandikia simu 16 mara 5, ingenijibu 80 bila kusita, na isingeuliza mtoto ana kilo ngapi.

Walimu wenu watawaambia kwamba neno aljebra lilitoka katika kitabu cha al-Khwarizmi, mwanachuoni aliyeishi Baghdad katika karne ya tisa. Mimi nililifurahia nilipojua kwamba jabr, katika Kiarabu, ni pia kazi ya kuunga mfupa uliovunjika. Nimefunga mifupa mingi katika maisha yangu. Mfupa ukiachwa ujiunge wenyewe kombo, mtu atatembea, ndiyo, lakini atachechemea. Mimi nilitembea hivyo miaka minne.

Wazee wenzangu, nina neno moja kwenu pia. Kila mwaka tunachanga fedha za vikombe vya michezo, nami sipingi. Lakini kila mmoja wetu anaporudi kijijini Desemba anakuta huko kijana wa shule hii au ya jirani. Tuketi naye jioni mbili tatu. Hatuhitaji kuwa mabingwa. Tumwambie tu, "Nieleze ulivyofanya," kisha tunyamaze tumsikilize.

Vijana, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta, na nusura uanguke juu ya mtoto wa mtu mwingine ambaye hakunikosea lolote.

Wiki ijayo mtapewa ripoti zenu. Mtafika nazo nyumbani, na baba au mama atauliza, "Mwalimu amesemaje?" Ninawaomba jambo moja. Msomeeni kama lilivyoandikwa. Baba yangu alifariki mwaka 1996, na ripoti ile tuliikuta katika sanduku lake, bado imekunjwa vilevile. Hakupata kujua iliandikwa nini.