Afya ya Kijiji na Kazi ya Mkaguzi

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wageni katika sherehe za kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Walionitangulia wamekwisha eleza habari za maghala, malori na bei, nami sina la kuongeza hapo. Nimeombwa niseme juu ya afya, kwa kuwa katika mkutano mkuu wa kesho limo shauri la kukata fedha kidogo katika kila kilo ya kahawa, ili kila kijiji kiwe na mhudumu wake wa afya. Shauri hilo ni zito. Fedha hizo ni jasho la mwanachama, na aghalabu mwanachama huyo ndiye aliye mbali zaidi na zahanati.

Nitawasimulia habari za chama kimoja cha Bangladesh kiitwacho BRAC, ambacho hakikuundwa kwa ajili ya kugawana faida, nacho kimekuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya namna hiyo duniani. Mwezi wa Novemba 1970 tufani iliipiga pwani ya nchi ile ikaua mamia ya maelfu ya watu. Mwaka 1971 vikafuata vita vya uhuru, na mamilioni wakakimbilia India. Bwana Fazle Hasan Abed, aliyekuwa na cheo kikubwa katika kampuni ya mafuta ya Shell, aliiacha kazi yake, akauza nyumba aliyokuwa nayo London, na mwaka 1972 akaanza kuwasaidia wakimbizi waliorejea katika sehemu za Sulla, kaskazini mashariki ya nchi. Kwa elimu yake alikuwa mhasibu. Naomba mlishike neno hilo.

Adui mkubwa wa watoto wa huko alikuwa maradhi ya kuhara. Mtoto anayehara hufa kwa sababu maji na chumvi vimemtoka mwilini. Dawa yake ilikwisha julikana: mwaka 1968 wataalamu waliokuwa Dhaka walionyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu aweza kurudishiwa maji kwa kunywa, mradi maji yawe na chumvi na sukari kwa kipimo, kwani sukari huyasaidia matumbo kuinyonya chumvi, na maji huifuata. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutia mishipani, akawanywesha wagonjwa mchanganyiko huo. Vifo vilivyokuwa vikikaribia 30 katika kila 100 vikashuka chini ya 4. Lakini dawa iliyo Dhaka haimfai mama aliye kijijini, asiyejua kusoma na asiye na duka la dawa karibu.

BRAC walitafuta kipimo ambacho kila mama anacho, yaani mkono wake. Chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, konzi moja ya sukari guru, na maji nusu lita. Wakajaribu Sulla mwaka 1979, na kuanzia 1980 wakatuma wasichana kwenda nyumba kwa nyumba. Kikundi kimoja kilikuwa na wasichana 14, mpishi, na mwanamume mmoja wa kuwasimamia. Msichana hakutoa hotuba kama hii yangu. Aliketi na mama, akamfundisha mambo 10 ya kukumbuka, ambayo baadaye yalipunguzwa yakawa 7, kisha akamwambia: sasa changanya wewe mwenyewe nikuone.

Hapa ndipo uhasibu wa Bwana Abed ulipoonekana. Msichana hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizozipitia. Baada ya wiki kadhaa mkaguzi mwingine, asiyekuwa yeye, alirudi kwa baadhi ya akina mama waliochaguliwa bila ya mwalimu kuwajua, akawauliza wanakumbuka nini, akawaambia wachanganye tena, na sampuli ya maji yale ikapelekwa kupimwa chumvi yake. Mama akapewa daraja, A mpaka D. Kwa mama wa daraja A mwalimu alipata malipo mema; kwa wa daraja D hakupata kitu. Sisi watu wa kahawa hatuhitaji kufafanuliwa habari za daraja. Hakuna kati yetu anayelipwa kwa idadi ya safari za punda wake kwenda mizanini.

Hata hivyo mkaguzi alileta habari za uchungu. Akina mama walikuwa wakikumbuka vizuri sana, lakini mtoto alipohara ni wachache mno waliotumia walichofundishwa. Watu wengi wangalificha jambo hilo, wakatangaza zile daraja A peke yake. BRAC wakatuma watu kuuliza sababu, wakapata mbili. Ya kwanza, walimu wenyewe walipohara walimeza vidonge. Hawakuyaamini maji waliyoyafundisha. Wakapelekwa maabara wakaonyeshwa jinsi yanavyofanya kazi mwilini, nao wakaanza kuyanywa mbele ya akina mama. Ya pili, wanaume walikuwa wameachwa nje, na mwanamume asiyeshauriwa huona kwamba amedharauliwa. Basi ikafanywa mikutano kwa ajili yao, misikitini na masokoni. Matumizi yakapanda. Mpaka mwaka 1990 zaidi ya nyumba milioni 12 zilikuwa zimefikiwa, moja baada ya moja.

Katika mambo mengine nitapita upesi. Mwaka 1984, katika wilaya ya Manikganj, walianza kutibu kifua kikuu kwa mikono ya wanawake wa vijiji vile vile. Mgonjwa aliweka amana ya fedha kabla ya kuanza dawa. Alipomaliza tiba alirudishiwa sehemu, na sehemu nyingine akapewa mhudumu aliyemwangalia anapomeza dawa zake. Ili wasitegemee wafadhili siku zote, walifungua maduka ya kazi za mikono yaitwayo Aarong mwaka 1978, na baadaye kiwanda cha maziwa kinachonunua kwa wafugaji wadogo. Mwaka 2006 waliingia Uganda na Tanzania. Bwana Abed alifariki Desemba 2019.

Sitaki kuwapambia habari. Wanawake wale wahudumu hawakuwa na mshahara wa kudumu. Walipata senti zao kwa kuuza dawa ndogo ndogo na chumvi yenye madini ya joto, na wengi waliacha kazi kwa sababu kipato hakikutosha. Nami naona hapo walikosea, kwani mtu hawezi kulinda afya ya jirani huku watoto wake wana njaa. Nasi tukiwaajiri wahudumu, wapewe kima cha chini kila mwezi, na juu yake nyongeza kwa kazi iliyokaguliwa.

Nimeisoma rasimu iliyogawiwa kwa wajumbe. Imetaja baiskeli, mabegi na sare. Imetaja vitabu vya kuandikia nyumba zilizotembelewa. Mkaguzi hakutajwa hata mara moja. Kwa rasimu hiyo, mwisho wa mwaka tutaletewa hesabu ya nyayo, nasi tutapiga makofi, na mtoto wa mwanachama atakuwa anahara kama mwaka jana.

Kwa hiyo naleta ombi moja mbele ya mkutano wa kesho. Kifungu kiongezwe: awepo mkaguzi asiyetoka katika kijiji anachokikagua wala kuwa chini ya msimamizi wa wahudumu, arudi nyumbani kwa wanachama baada ya mwezi, na taarifa yake isomwe kwenye mkutano mkuu, nzuri au mbaya, kama inavyosomwa ya mkaguzi wa hesabu. Kifungu hicho kikiingizwa, mkono wangu utakuwa wa kwanza kuinuliwa. Kisipoingizwa, nitapiga kura ya kuyakataa makato.