NDEGE WA BRONZI MBELE YA FORODHA

Hii ni nakala ya mazungumzo juu ya uchongaji na sheria ya ushuru. Inachapishwa kwa faida ya watumishi wa Serikali na wananchi ambao hawakuwahi kuyasikiliza.



Mnamo mwezi wa Oktoba 1926, meli iitwayo Paris ilitia nanga bandarini New York ikiwa imechukua sanamu zipatazo ishirini za Constantin Brâncuși, mchongaji mzaliwa wa Romania aliyefanya makazi yake nchini Ufaransa tangu 1904. Miongoni mwao ilikuwamo moja iliyopewa jina la Ndege Angani, mali ya mpiga picha Edward Steichen. Ilikuwa ni bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Nyembamba, yenye kimo cha mtoto wa shule, imetanuka kidogo katikati na kuchongoka juu. Haikuwa na mbawa, mdomo wala unyoya, na ilikuwa imesuguliwa hata ikang'ara kama kioo.

Sheria ya ushuru ya 1922 ilisamehe sanamu ushuru wote, ilhali vitu vya metali visivyotajwa pengine vilitozwa asilimia 40 ya thamani yake. Maofisa wa forodha walimtazama ndege yule, wasimwone ndege. Wakamtia katika fungu la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, na Steichen akatakiwa alipe.

Aghalabu kisa hiki husimuliwa ili maofisa wale wachekwe. Hiyo si haki. Mwaka 1916, katika shauri la Olivotti, mahakama ilikuwa imekwisha kutamka kwamba sanamu ni kazi inayoiga viumbe vya asili, hasa umbo la binadamu, kwa vipimo vyake vya kweli. Ofisa aliyeishika hukumu hiyo mkononi hakuwa na njia nyingine iliyo nyepesi. Walakini tafsiri ile ilikuwa imetungwa kwa ajili ya vitu vya aina nyingine, na ulimwengu wa wachongaji ulikuwa umekwisha kuipita.

Brâncuși hakukubali. Kwa gharama za Gertrude Vanderbilt Whitney, aliyekuwa naye mchongaji, shauri lilifikishwa mbele ya Mahakama ya Forodha ya Marekani, na mashahidi wakaanza kusikilizwa Oktoba 1927. Jaji Waite alimwuliza Steichen kama angemkuta ndege huyo msituni angempiga risasi; naye akajibu kuwa hapana. Hata hivyo alishikilia kwamba kitu kile kilimpa hisia ya ndege anayeruka, na hiyo ndiyo iliyokuwa nia ya aliyekifanya.

Swali lililokuwa zito zaidi lilimfikia Jacob Epstein, mchongaji wa Uingereza. Je, fundi hodari wa mitambo asingeweza kuisugua shaba ile ikafikia mng'aro uleule? Epstein alikiri kwamba fundi angeweza kusugua, lakini asingeweza kulibuni umbo lenyewe. Hapo ndipo penye kiini cha uchongaji wa namna hii. Mtu akiona duara, yai au mstari ulionyooka katika jiwe na metali, huona wepesi, akadhani na kazi ilikuwa nyepesi. Brâncuși alimrudia ndege huyu kwa miaka mingi, safari hii katika marumaru, safari ile katika bronzi, akipunguza na kupunguza, kwa kuwa unene ukizidi kidogo tu umbo huwa zito, likakataa kupaa. Kusugua nako kulikuwa sehemu ya kusema: mwanga ukiteleza juu ya bronzi, jicho halipati pa kutua.

Serikali nayo ilileta wachongaji wake wawili, Robert Aitken na Thomas Jones, waliokanusha kuwa kazi ile ni sanaa. Kwa hiyo jaji hakuwa na kauli moja ya wataalamu ya kuegemea.

Hukumu ilitoka tarehe 26 Novemba 1928. Mahakama ilikiri kwamba ni vigumu kumfananisha na ndege. Lakini ilisema kumezuka mafundisho mapya ya sanaa yanayotaka kuonyesha fikra badala ya kuiga viumbe, na iwapo mtu anayapenda au hayapendi, kuwapo kwake hakuna budi kutambuliwa. Kitu kile kilikuwa kizuri kutazamwa, kazi asilia ya mchongaji wa kweli, na hakikuwa na matumizi mengine yoyote. Kikaingia bila ushuru. Ikumbukwe kwamba jaji hakulazimishwa kukipenda, wala hakusema alikipenda zaidi ya hapo. Alitakiwa aamue tu kimo katika fungu gani la sheria.

Brâncuși aliendelea. Mwaka 1938 mjini Târgu Jiu, Romania, ilizinduliwa Nguzo Isiyo na Mwisho, ukumbusho wa waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza: vipande vya chuma vilivyofunikwa shaba ya manjano, vimepandana hata kupita mita 29, pamoja na lango na meza vya mawe. Katika miaka ya 1950 wakuu wa mji walijaribu kuing'oa nguzo hiyo, wasiiweze. Mwaka 2024 UNESCO iliitia pamoja na wenzake katika Orodha ya Urithi wa Dunia.