Vile visanduku vyangu vya friza

(Mazungumzo ya mwanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.)



Nimeambiwa niseme juu ya afya. Katibu alipokuja kuniomba nilimwambia mimi si daktari wala nesi, mimi ni msaidizi tu katika nyumba ya kutunzia wazee, nawaogesha wazee wa watu usiku kucha na asubuhi nakwenda kulala. Akanijibu, "Daktari tunao wa kulipia. Wewe eleza habari ya vile visanduku vyako." Naona mnacheka, na najua ni kina nani wanaovikumbuka. Basi leo nitasema mwanzo hata mwisho, maana yako mambo ambayo hata Mwekahazina wetu hayajui, na yanamhusu.

Ilikuwa mwaka 2018, kikundi chetu kina miaka mitatu. Nilikwenda kupima afya, presha ikasoma 150 kwa 94, uzito ratili 214, hizi ratili ambazo wenyeji hapa Minnesota wanaziita paundi. Sukari, ile ya kupimwa wastani wa miezi mitatu, ikawa 6.2. Daktari akanieleza vizuri: kuanzia 5.7 mpaka 6.4 mtu hajawa na kisukari bado, ila amesimama mlangoni, ikifika 6.5 ameingia ndani. Akasema nikipunguza sehemu saba tu katika mia ya uzito wangu, yaani ratili 15 hivi, na nikitembea dakika 150 kwa wiki, naweza nisiingie. Hilo si neno la kubahatisha. Ulifanyika utafiti mkubwa hapa Marekani, ukatangazwa mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa mlangoni kama mimi. Waliofuata njia hiyo walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, kupita hata wale waliopewa vidonge.

Mimi lakini sikusikia asilimia. Nilichokiona mbele yangu ni mguu wa mama yangu. Mama alikatwa mguu kwa ajili ya sukari, nami niko huku, nikatuma pesa ya hospitali na sikuweza kwenda. Nilitoka kwa daktari nikakaa ndani ya gari nusu saa sijawasha moto.

Siku ile ile nikapita dukani. Mnaijua ile njia ya friza, milango ya vioo pande zote mbili, ukifungua baridi inakupiga usoni kama Januari. Nikakuta visanduku vimepangwa, picha ya kuku na brokoli, tambi na mchuzi wa nyanya, na kwa mbele imeandikwa kalori 250, kalori 280. Nikasema haya ndiyo majibu. Mtu ametoka zamu saa moja asubuhi, ana usingizi, ana watoto wa kupeleka shule, atapika nini? Unatoboa nailoni kwa uma, unatia kwenye maikrowevu dakika nne, umekula, umelala. Na hesabu umeandikiwa. Nikanunua kumi na nne.

Baadaye nilijisomea habari zake, maana napenda kujua kitu ninachokila kimetoka wapi. Bwana mmoja, Clarence Birdseye, aliishi Labrador kule kaskazini mashariki ya Kanada ya leo kabla ya vita vya kwanza, akawaona wenyeji wakivua samaki, samaki anaganda papo hapo kwa upepo wa baridi, na akiyeyushwa miezi kadhaa baadaye bado mtamu. Siri ni ile haraka: kikiganda upesi barafu yake inakuwa chembe ndogo ndogo, haipasui nyama. Ndiyo maana nyama mliyoigandisha taratibu kwenye friza iliyojaa mno inatoa maji ikiyeyuka. Miaka ya 1950 ikaja kampuni ya Swanson na sahani za bati zenye chakula kamili. Hicho hakikuwa cha kukondesha mtu, kilikuwa cha kumpumzisha mama jikoni.

Lakini lililonigusa ni hili. Mwaka 1963 mama mmoja wa nyumbani huko New York, Jean Nidetch, alianzisha Weight Watchers. Alianza kwa kuwaita shoga zake nyumbani kwake, wakae, kila mmoja aseme wiki hii amekula nini na ameshindwa wapi. Kikao cha kina mama, jamani! Sisi tungekiita upatu wa unene. Mwaka 1978 kampuni ya Heinz ikakinunua kile chama na kuuza vyakula vya friza kwa jina lake. Mwaka 1981 wakaja Stouffer's na Lean Cuisine. Halafu mkubwa wa ConAgra alipatwa na ugonjwa wa moyo mwaka 1985, na kutoka hapo kampuni yake ikatengeneza Healthy Choice. Na sasa kuna sindano za kupunguza uzito, na mwaka 2024 Nestlé ikatoa visanduku vingine maalumu kwa watu wanaochoma hizo sindano. Biashara haimwachi mnene wala anayekonda.

Kwa hiyo kikao kilitangulia, kisanduku kikafuata. Mimi nilichukua kisanduku nikaacha kikao. Sasa nifike huko.

Mnakumbuka mwezi wa kumi na moja, mkutano ulikuwa kwa mama yetu wa Mombasa. Tusimtaje, yupo pale ameketi, ananitazama. Mama wa watu kaamka alfajiri, kapika pilau, kuku wa kupaka, kachumbari, mbaazi za nazi, sinia zimejaa. Mimi nikaingia na mkoba, ndani yake kisanduku kimefungwa kwa gazeti kisiyeyuke. Watu walipoanza kunawa mikono nikaenda jikoni kwake, nikafungua maikrowevu yake, nikatia kisanduku changu. Sikumwomba. Ile mashine ikalia "pii, pii, pii" watu wote wakageuka. Nikarudi na kijisahani changu cha plastiki nikakaa pembeni ya kochi, wenzangu wamezunguka sinia.

Hakuna aliyesema kitu. Mama mwenye nyumba alinitazama mara moja tu, akaondoka akaenda kuleta maji ambayo hakuna mtu aliyeyaagiza. Ndugu zangu, mimi nimelelewa Tanga, najua maana ya kukataa chakula cha mtu ndani ya nyumba yake. Nilikuwa najiambia hawa hawanielewi, nina ugonjwa mlangoni. Kumbe nusu ya wale waliokuwa kwenye sinia walikuwa na presha kama yangu, ila hatukuwahi kuulizana. Pesa tunaulizana mpaka senti, damu hatuulizani.

Baada ya hapo nikaanza kukwepa mikutano. Na hili ndilo la Mwekahazina. Mchango wetu wakati ule ulikuwa dola 150 kwa mwezi. Kisanduku kimoja dola 3 na nusu, mara dola 4, na kimoja hakinishibishi mtu ninayenyanyua wazee usiku kucha. Nilikuwa nakula vitatu kwa siku. Piga hesabu: karibu dola 350 kwa mwezi kwa mtu mmoja, na watoto hawavitaki, chakula chao kiko mbali. Mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu wa 2019 nilileta mchango nusu, nikasema zamu zimepungua kazini. Zamu hazikupungua. Mwekahazina, samahani. Nilikwisha lipa, unajua, lakini sababu niliyokupa ilikuwa ya uongo.

Je, nilikonda? Nilikonda. Miezi minne ratili 17. Nisivitukane visanduku bure. Vilinifundisha kitu kimoja ambacho sikuwa nakijua, nacho ni kipimo. Nilikuwa napakua wali kwa upawa bila kuhesabu, na mafuta namimina kwa kukadiria kwa jicho. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, yawe ya zeituni yawe ya alizeti, yote sawa. Vijiko vitatu ndani ya sufuria umeshapita kisanduku kizima. Hilo sikulijua nikiwa na miaka 44.

Lakini presha haikushuka. Nesi akaniuliza nakula nini, nikajivuna, nikamtajia. Akaniambia kesho uje na kisanduku kimoja kitupu. Akakigeuza, akanionyesha mstari ambao sikuwahi kuusoma, wa sodiamu, ndiyo chumvi hiyo. Miligramu 620. Mara tatu, 1,860. Wanasema mtu mzima asipite 2,300 kwa siku nzima, na hapo sijahesabu mkate, na supu ya kopo niliyokuwa nakunywa saa tisa usiku njaa ikinibana. Akanipa kanuni ambayo naomba muiandike: pale kwenye asilimia upande wa kulia, 5 ni kidogo, 20 ni nyingi. Basi. Huhitaji kusoma mengine kama macho yamechoka. Na uangalie pia juu wamehesabu milo mingapi ndani ya pakiti, maana wapo wanaoandika hesabu ya nusu.

Na ile njaa ya saa tisa usiku ndiyo iliyonirudisha nyuma. Nilikuwa nashiba saa moja, halafu nakwenda kwenye chumba cha mapumziko nakuta biskuti na keki za birthday ya mtu. Mwaka 2019 taasisi ya serikali ya utafiti wa afya hapa Marekani ilitoa matokeo ya watu 20 waliowekwa ndani mwezi mzima, wiki mbili vyakula vya kiwandani, wiki mbili vyakula vya kupika, kila mtu ale atakavyo. Kwenye vile vya kiwandani walikula kama kalori 500 zaidi kwa siku bila wenyewe kujua. Ni watu wachache, lakini nilipolisoma nilijiona. Kufika mwezi wa tano ratili 9 zilikuwa zimerudi.

Siku moja nimelala mchana, mlango ukagongwa. Nafungua, mama yetu wa Mombasa, kavaa koti la baridi juu ya leso. Kaja kwa basi, mabasi mawili. Akaniketisha akaniuliza pole pole, "Mwanangu, waumwa na nini? Wakonda, huji mkutanoni, mchango waleta nusu. Kama ni maradhi makubwa nambie mie, hatutasema." Jamani! Kumbe walikuwa wananong'ona nina ugonjwa wa kufa, na walikwisha anza kuchangishana pembeni. Nikalia. Nikamwambia yote, sukari, mguu wa mama, na ule uongo wa zamu.

Akaamka akafungua friza yangu. Akakuta visanduku, akasoma picha picha. Akataka kuonja. Nikampashia moto kimoja, akala vijiko viwili, akaweka kijiko chini. "Kwa hiki ndiyo ulikataa pilau yangu? Na chumvi yote hii?" Tukacheka mpaka watoto wakarudi shule. Halafu akaniambia na yeye anameza vidonge vya presha mwaka wa sita.

Kazi ya Jumamosi, mnayoijua wengi wenu, ilianzia hapo. Mara mbili kwa mwezi tunapika watu watano au sita nyumba moja, tunagawana gharama kama mchango mwingine wowote. Maharage, dengu, mchicha, kuku aliyetolewa ngozi, samaki, wali wa kahawia. Mafuta yanapimwa kwa kijiko, na chumvi tumepunguza, tunaweka ndimu, tangawizi, binzari, pilipili. Dada zetu wa Kongo wametuletea sombe, inaganda vizuri sana. Ugali haukubali, wangu ulitoka umebomoka kama mchanga, ugali upikwe siku ile ile. Tunatia kwenye makopo mafupi, si marefu, chakula kipoe upesi, na kiingie kwenye baridi kabla ya saa mbili kupita. Friza isome nyuzi 0 za Fahrenheit. Juu ya kifuniko tunaandika jina la chakula na tarehe. Kopo moja linanigharimu kama dola 2, na nikila nashiba mpaka asubuhi.

Visanduku vya dukani sijaviacha kabisa, nisije nikasema uongo tena mbele yenu. Viwili vitatu viko nyumbani kwa siku ya theluji kubwa. Nasoma mstari wa chumvi kwanza.

Uzito wangu wiki iliyopita ni ratili 193. Sukari 5.8, bado niko mlangoni, ila nimerudi nyuma hatua. Presha 128 kwa 80, na kidonge kimoja.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza muda wangu na nimekula wa mwenzangu. Kwenye friza ya jikoni hapa ukumbini nimeweka makopo kumi na mawili, sita ya dengu na sita ya kuku na mchicha. Anayetoka hapa kwenda zamu ya usiku apitie kuchukua moja. Kopo nirudishiwe, tafadhali, kuna mtu ana makopo yangu manne tangu Pasaka.