Gurudumu la Pikipiki na Mizani Yake

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama walio nyumbani, Kaaga, Meru)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo dogo, nalo ni gurudumu la pikipiki baada ya kutiwa tairi jipya. Wengine walicheka waliposikia habari hii. Walisema ya kwamba chama ni cha kudai mishahara, si cha kufundisha kazi ya fundi wa pikipiki. Sisi twawajibu hivi: mwenzetu mmoja wa genge alikaa nyumbani miezi mitatu bila kuweza kuinua mkono, na katika miezi hiyo chama hakikuwa na njia ya kumdaia hata senti moja.

Habari yake ni hii. Kama mjuavyo, reli haifiki Meru. Sisi watu wa huku tufanyao kazi katika njia ya Nanyuki, ile iliyofufuliwa mwaka 2020, twaenda na kurudi kwa matatu, au kwa pikipiki zetu, kupitia Subuiga na Timau. Mwenzetu huyu alitiwa tairi jipya la mbele kando ya barabara, jioni, kwa haraka, akalipa akaondoka. Alipofika kwenye mteremko mwendo ukapanda, na usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwake. Alidhani ni upepo. Ukatetemeka zaidi, naye akashika breki ya mbele kwa nguvu. Barabara ilikuwa imenyeshewa, akaanguka, mfupa wa mtulinga ukavunjika.

Tulipokwenda kuuliza habari ya fidia tulionyeshwa sheria. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yahesabu safari ya kwenda kazini au kurudi kuwa sehemu ya kazi, ikiwa mfanyakazi anabebwa bure kwa gari lililotolewa na mwajiri kwa ajili hiyo. Pikipiki uliyoinunua mwenyewe kwa mkopo haimo katika maneno hayo. Kwa hiyo twamwambia kila mwanachama apandaye pikipiki yake: kutoka mlango wa nyumba yako mpaka lango la stesheni, wewe ndiwe mwajiri wako, tena ndiwe karakana yako.

Pikipiki yenyewe tuliileta hapa Kaaga tukalifungua gurudumu la mbele. Hatusemi ya kwamba gurudumu peke yake ndilo lililomwangusha, maana maji yalikuwapo na breki ilishikwa vibaya. Lakini tuliona mambo mawili. Tairi halikuwa limekaa sawasawa ndani ya rimu upande mmoja. Na tulipoliinua gurudumu na kulizungusha polepole, kila mara lilirudi likasimama mahali pale pale, upande ule ule chini. Gurudumu lenye mizani halifanyi hivyo. Lasimama popote.

Sisi tuliosoma shule ya misheni tulifundishwa mizani ya sahani mbili: ukiweka jiwe zito upande mmoja, upande huo hushuka. Gurudumu nalo ni mizani, ila limepindwa likawa duara. Likiwa limesimama, uzito ulio upande mmoja huonekana mdogo. Likizunguka, mambo hugeuka. Chukueni gramu 30, zaidi kidogo ya betri moja ndogo ya redio, muzifunge penye rimu ya inchi 17. Kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa, gramu hizo huvuta kwenda nje kama uzito wa nusu kilo hivi. Kwa kilometa 60 huvuta zaidi ya kilo mbili, na kwa kilometa 80 zakaribia kilo nne. Mwendo ukiwa mara mbili, mvuto huwa mara nne. Tena mvuto huo hauendi upande mmoja tu: kwa kilometa 60 wazunguka juu na chini mara tisa kwa kila sekunde. Ni kama mtu aliyeshika foki yako akiitikisa bila kupumzika.

Watu wa reli hawana haja ya kuambiwa haya mara mbili. Aliyewahi kwenda Nairobi katika nyumba ya makumbusho ya reli ameziona zile injini kubwa za moshi za Garratt, daraja la 59. Zilijengwa 34 na Beyer Peacock, Manchester, nazo zilikuja huku mwaka 1955 na 1956. Mojawapo ni 5918, iitwayo Mount Gelai. Simameni kando yake mtazame magurudumu yanayoendesha. Upande mmoja limefungwa fimbo zito la chuma, na upande wa pili, mkabala nalo, mtaona chuma kinene chenye umbo la mwezi mchanga. Si pambo. Ni uzito uliowekwa ili ujibu uzito wa fimbo, maana bila hicho injini ingeipiga reli kama nyundo kwa kila mzunguko, na sisi wa genge ndio tungekwenda kuinyosha. Kazi tutakayoieleza leo ni ile ile, ila kwa gramu.

Basi twende kwenye kazi.

Kwanza osheni gurudumu. Udongo mwekundu wa Meru ukikauka ndani ya rimu huwa mzito kuliko kosa mnalolitafuta. Kisha tazameni kama rimu imenyooka. Funga waya au penseli kwenye foki, ncha yake ikaribie rimu, uzungushe. Nafasi ikibadilika zaidi ya milimita 2, kwa kando au kwa juu na chini, rimu hiyo yataka kunyoshwa kwa spoki kabla ya neno jingine lolote. Gongeni kila spoki kwa spana ndogo: iliyokaza hulia, iliyolegea hukohoa. Mizani haiponyi rimu iliyopinda, na hapa ndipo wengi hupoteza siku nzima.

Wakati wa kutia tairi, tafuteni alama ya rangi ya manjano iliyo duara dogo ubavuni. Si kila tairi linayo. Ikiwapo, huonyesha mahali palipo pepesi zaidi, na palipo pepesi hupelekwa penye valvu, maana valvu ndiyo nzito. Alama nyekundu ni habari nyingine, msizichanganye. Pakeni maji ya sabuni ukingoni mwa tairi, mjaze upepo, kisha mtazame ule mstari mwembamba uliochorwa karibu na rimu. Uwe na umbali mmoja kutoka rimu kuzunguka kote, pande zote mbili. Mahali ulipozama, tairi halijakaa. Toeni upepo, pakeni sabuni tena, jazeni upya. Tairi la mwenzetu lilikuwa limezama karibu upana wa kidole, na mtu mwenye macho angeliona pale pale barabarani kabla hajalipa.

Valvu isimame wima. Ikilala, chubu imevutwa, nayo itakatika siku moja mbali na nyumbani.

Sasa mizani yenyewe. Mashine hazihitajiki. Sisi tulichukua vipande viwili vya chuma cha pembe (tulivinunua sokoni Gakoromone, si mali ya reli, msitutazame hivyo) tukavilaza juu ya viti viwili, tukavipima kwa pima maji mpaka vikawa sawa. Gurudumu la mbele hutolewa pamoja na ekseli yake. Ondoeni sahani ya breki pamoja na viatu vyake, na ile gia ya spidomita, na sili zinazogusa. Rudisheni ekseli ndani, mlaze ncha zake juu ya vile vyuma. Ekseli itulie, gurudumu lizunguke juu ya beringi zake.

Kabla ya kuamini linalosema gurudumu, ipimeni beringi. Fungeni gramu 10 ubavuni, mahali palipo saa tatu ya saa ya ukutani. Pakishuka, beringi ni nzuri. Pasiposhuka, beringi ni nzito au imekufa, na mizani yenu itawadanganya.

Zungusheni polepole mwache lisimame lenyewe. Wekeni alama ya chaki juu kabisa. Rudieni mara tatu, mara mkizungusha kulia na mara kushoto. Chaki zikikutana mahali pamoja, uzito uko chini, mkabala nazo, na dawa yake hufungwa pale penye chaki. Anzeni na gramu 5, mkishikiza kwa utepe tu. Ongezeni gramu 5 nyingine, na nyingine, mpaka mkiliacha gurudumu saa tatu, saa sita au saa tisa, lisimame bila kusonga. Hapo mmemaliza. Likisonga kidogo sana kama lenye usingizi, liacheni. Pikipiki ya kwenda kazini si ya mashindano.

Wapi kupata uzito? Madukani viko vipande vilivyotengenezwa kwa kazi hii, vya kubana spoki, na vya kubandika kwa rimu za kumimina zisizo na spoki. Sisi hatukuvipata siku ile, tukanunua waya wa kulehemia redio, gramu 100. Tuliunyosha, tukaupima kwa futi, tukaukata vipande 20 vilivyo sawa, na kila kipande kikawa gramu 5. Kipande huzungushwa kwenye spoki karibu na rimu, kikakazwa kwa koleo, kikafungwa utepe juu. Chaki ikiangukia katikati ya spoki mbili, gawanyeni nusu huku na nusu huku. Kisipite karibu na foki wala breki, wala kitu chochote kisifungwe juu ya tairi.

Ikiwa mmefika gramu 60 na gurudumu bado lashuka, acheni kuongeza. Toeni upepo, mlizungushe tairi nusu duara juu ya rimu, mwanze upya. Mara nyingi uzito wa tairi na uzito wa rimu vilikuwa vimekutana upande mmoja, na mkivitenganisha vyajibizana vyenyewe. Gurudumu la mwenzetu lilikuwa hivyo. Baada ya kuligeuza tairi lilitaka gramu 15 tu.

Hapa twaomba msikilize vizuri, hasa vijana. Msiyeyushe risasi ya betri kuukuu za gari ili kupata uzito. Tumeona wakifanya hivyo katika sufuria, nyuma ya nyumba, na watoto wakichezea majivu. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha betri katikati ya nyumba za watu, na wafanyakazi pamoja na watoto wakaingiwa na sumu ya risasi. Bi Phyllis Omido alipigania jambo hilo miaka mingi. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Amri hiyo ikapingwa, ikatenguliwa, na mwezi wa Disemba 2024 mahakama ya juu kabisa ya Kenya ikairudisha. Hata ule waya wa kulehemia mara nyingi una risasi ndani yake. Osheni mikono kabla ya kugusa chakula, na vipande vilivyobaki visitupwe penye kuku.

Ndugu mmoja ameuliza kama gurudumu la nyuma nalo lapimwa. Ndiyo, kwa njia ile ile, mnyororo ukiwa umetolewa. Lakini twasema kweli: la mbele ndilo linaloshika usukani, na mwenye nafasi ya saa moja tu aitumie kwa la mbele. Mwingine ameuliza juu ya dawa ile ya maji inayotiwa ndani ya chubu kuziba pancha. Hiyo hukusanyika chini gurudumu likisimama, kwa hiyo mwenye dawa hiyo hawezi kupima mizani nyumbani akapata jibu la kweli. Nao wale wa boda boda wanaokwenda kwenye murramu kwa kilometa 30 hawatasikia tofauti kubwa. Twawaambia wazi ili wasipoteze fedha. Ila murramu ukiisha, lami ikaanza, ndipo watakapojua.

Neno la kurudisha gurudumu: nati ya ekseli ikazwe mpaka mwisho, pini yake irudi mahali pake, na breki ishikwe mara tatu kabla ya kupanda. Kisha nendeni mwendo mdogo mpaka Makutano na kurudi. Usukani ukitetemeka bado, tazameni beringi za shingo ya usukani, maana hizo nazo hulegea, na gurudumu hulaumiwa bure.

Mwenzetu amerudi kazini. Bega lake halinyanyui taruma kama zamani, amepewa kazi ya bendera. Vyuma vyetu viwili na pima maji viko hapa Kaaga, na Jumamosi tusio na zamu tuko nyumbani kuanzia saa nane mchana. Mwanachama mwenye tairi jipya aje nalo likiwa limeoshwa, na chaki alete mwenyewe, maana yetu watoto wameimaliza.