Mkojo wa Damu Usifichwe



Leo tunazungumza habari ya mkojo wa damu. Tunajua si maneno ya kusema mbele ya wakwe. Lakini tuyaseme.

Akina mama, mnaijua sindano ya BCG. Ndiyo ile anayochomwa mtoto mchanga mkononi, ikaacha kovu dogo. Ni kinga ya kifua kikuu. Waliyoitengeneza ni Wafaransa wawili, Calmette na Guérin. Walichukua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe, wakavilea miaka 13 mpaka vikapoteza ukali. Mwaka 1921 mtoto wa kwanza akapewa.

Basi, dawa hiyo hiyo inatibu saratani ya kibofu cha mkojo! Mwaka 1976 daktari Alvaro Morales na wenzake, huko Kanada, walieleza jinsi walivyowatibu wagonjwa 9. Leo inatumika katika nchi nyingi.

Kwanza daktari hukwangua uvimbe kwa chombo kinachopita njia ya mkojo. Baada ya majuma machache, dawa hutiwa kibofuni kwa mpira mwembamba. Mgonjwa hujizuia asikojoe kwa saa 2 hivi. Hufanyiwa hivyo mara moja kwa juma, majuma 6. Wengine huendelea kwa vipindi mwaka mmoja hata mitatu.

Vile vijidudu havili saratani. Vinaamsha askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu. Ni kama mbwa waliolala na mwizi yumo uani. Akipita mgeni, wote wanaamka, na mwizi naye anaonekana.

Mkojo huchoma siku moja mbili, na homa kidogo huja. Homa ikizidi, mgonjwa arudi hospitali upesi.

Mtatuuliza, basi si tukachomwe BCG zahanati? Hapana. Sindano ya mtoto haitibu saratani. Hii ya kibofuni ni nyingi zaidi, na huwekwa na mtaalamu.

Na lipo jambo linalotuuma. Dawa hii hufaa saratani ikiwa bado juu juu, kwenye utando wa ndani wa kibofu. Ikizama katika nyama haitoshi. Mara nyingi kibofu chenyewe hukatwa. Zipo dawa mpya za kuamsha askari, za kupitishia mshipani, lakini bei yake kali mno.

Sisi wa madimbwi na mashamba ya mpunga tuna kichocho. Kikikaa kibofuni miaka mingi huweza kuleta saratani. Mara nyingi ni ya aina nyingine, isiyosikia BCG, tena hugunduliwa imekwisha kuzama. Kwa hiyo dawa yetu ya kwanza ni vidonge vya kichocho, prazikwanteli. Na sigara tuiache, nayo inaleta saratani hii.

Wako wanaosema kijana akikojoa damu ndiyo anakua. Siyo kweli! Damu hata ikitoka siku moja tu, bila maumivu, nendeni mkapimwe mkojo. Kama mmekwisha kumeza vidonge na damu ingali inatoka, mwambieni mganga awaandikie barua ya kwenda hospitali kubwa.