Kuona na Kutaja: Kiswahili katika Utambuzi wa Tishu za Binadamu kwa Hadubini

Mhadhara huu unahusu jambo ambalo kwa kawaida halihesabiwi kuwa la wanaisimu: namna mwanafunzi wa tiba anavyotambua kipande cha kiungo cha binadamu anapokitazama kwa hadubini. Utambuzi huo ni kazi ya lugha kama ulivyo kazi ya jicho. Asiyeweza kuieleza kwa maneno tofauti ya figo na ini hajaiona bado, ingawa taswira imo machoni mwake.

Kipande chenyewe huhifadhiwa kwa formalini, huondolewa maji kwa alkoholi, hutiwa nta na kukatwa kwa unene wa takriban maikromita 4 au 5. Hadi hapo karibu hakina rangi. Ndipo hupakwa hematoksilini, inayotokana na gogo la mti wa Amerika ya Kati, na eosini. Viini vya seli hugeuka zambarau, na sehemu kubwa ya kilichobaki huwa waridi. Kiswahili, ambacho vivumishi vyake asilia vya rangi ni vitatu tu, kilikwisha kuzipa rangi hizo mbili majina kutoka kwenye tunda na ua. Hapakuhitajika kamati.

Neno tishu lina historia nyingine. Mfaransa Xavier Bichat, aliyefariki mwaka 1802, aliainisha aina 21 za tishu bila kutumia hadubini, na neno alilotumia lilimaanisha kitu kilichofumwa. Kiswahili kilichukua sauti ya neno hilo kupitia Kiingereza, kikaiacha maana. Ajabu ni kwamba kitenzi kufuma kilikuwapo, na kimezaa mfumo. Lakini mfumo umekwisha kukabidhiwa dhana pana zaidi, kama katika mfumo wa neva. Kuurudisha nyuma sasa kungeleta vurugu. Tishu na ibaki, ila mwalimu asiache kueleza kwamba inatajwa nguo iliyofumwa, kwani ndivyo inavyoonekana.

Figo hudhihirisha suala hili vizuri zaidi. Katika sehemu yake ya nje yametapakaa madonge ya mishipa myembamba ya damu, kila moja likizungukwa na uwazi mwembamba. Marcello Malpighi aliyaeleza mwaka 1666. Jina lake la kitaalamu, glomeruli, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kidonge cha uzi. Je, iwe kidonge? Hospitalini neno hilo limekwisha kuchukuliwa na dawa. Kwa hiyo mkopo unafaa kuwa jina, na donge la uzi libaki katika maelezo. Mabishano mengi kuhusu istilahi yangepungua iwapo kazi hizi mbili, kutaja na kueleza, zisingechanganywa.

Ini lina mtego wake. Katika ini la nguruwe, vijisehemu vyenye umbo la pembesita hutenganishwa na kuta za tishu unganishi zinazoonekana waziwazi. Katika ini la binadamu lenye afya kuta hizo ni hafifu mno. Aliyekariri neno pembesita atautafuta mpaka asiuone. Aliyeelezwa kwamba safu za seli huelekea kwenye mshipa wa katikati, kama mapao ya paa la msonge yanavyokutana kileleni, atalitambua ini hata pasipo mpaka.

Wengu, ambao wengine huuita bandama, huchanganywa na tezi ya limfu kwa kuwa vyote viwili vimejaa seli ndogo zenye viini vilivyokoza. Tezi ina mfereji mwangavu chini ya utando wake wa nje, wengu hauna. Wengu una sehemu ambayo wataalamu waliiita nyeupe kwa kuitazama katika kiungo kibichi kilichokatwa. Kwenye kioo sehemu hiyo ni zambarau iliyokoza! Tafsiri sisisi hapa humpotosha mwanafunzi, ingawa kosa si la mfasiri.

TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba ikafuata mwaka 2003. Kazi hizo ni za thamani kubwa. Hata hivyo, kamusi za istilahi kwa hulka yake hukusanya nomino, ilhali kinachotambulisha tishu mara nyingi ni kitenzi au kivumishi: seli zimebanana, zimejipanga, zimetawanyika, zimepishana kama vigae. Msamiati huo umo katika vinywa vya mafundi, washonaji na wasusi wa mikeka. Haujakusanywa kwa ajili ya maabara.

Upungufu huu huonekana zaidi pale jibu la maabara linapokuwa saratani. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza. Mgonjwa huelezwa kwa Kiswahili. Neno saratani analifahamu, na hofu yake anaijua. Analokosa ni kuambiwa nini kilionekana: kwamba viini vimekuwa vikubwa na kukoza kupita kiasi, havilingani, na seli zimevunja safu zao na kupenya zisipostahili kuwapo. Hakuna hata neno moja katika maelezo hayo linalohitaji kamusi.